Wasiwasi ulinifanya nimsingizie mwenzangu

Bosi aliuliza kwa sauti ya kawaida tu: "Hizi hesabu kajumlisha nani?" Nilijumlisha mimi. Lakini kabla sijawaza, mdomo ulishamtaja mwenzangu wa meza ya pili. Viganja vimelowa jasho, masikio yanavuma, na kusema kweli sikuona kosa lolote. Niliona nimepona.

Nilidhani wasiwasi wangu unaharibu usingizi na tumbo basi. Kumbe unaingia mpaka kwenye kupima haki. Ndani ya ubongo kuna amigdala, kijisehemu chenye umbo la lozi, kazi yake kunusa hatari. Kikishtuka, mwili unamwaga homoni za mshtuko, adrenalini na kotisoli, na ile sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kutukumbusha kwamba wengine nao wapo, inalegea. Umeulizwa swali la hesabu, unajibu kama aliyeona chui mlangoni.

Mwaka 1973 watafiti Darley na Batson wa Marekani waliwatuma wanafunzi wa theolojia jengo la pili kutoa hotuba, wengine kuhusu Msamaria Mwema. Njiani wakamweka mtu aliyejikunyata, anakohoa. Wasio na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Haraka si wasiwasi, najua, ila ni ndugu wa karibu.

Siku hizi moyo ukianza kwenda mbio nasema, "Nipe nusu saa nikuangalizie." Dakika tano hazitoshi: kotisoli kwa kawaida hufika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko, ndipo huanza kushuka. Natoa pumzi taratibu, kisha najiuliza nani ataumia nikijibu hivi.

Kuna upande wa pili pia. Wasiwasi huohuo hunishtaki kwa makosa ambayo sikuyafanya. Nimewahi kuomba radhi mara tatu kwa ujumbe mmoja uliochelewa. Mimi huvitofautisha hivi: dhamiri hutaja kosa moja, ukilirekebisha inanyamaza. Wasiwasi hauridhiki. Kama haukupi nafasi hata siku moja, tafuta mshauri nasaha. Mimi nilichelewa sana kwenda.

Kesho yake nilimweleza bosi ukweli, kisha nikamfuata mwenzangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua." Tunafanya kazi vizuri tu, ila hadi leo akijumlisha kitu huweka sahihi yake pembeni.