Kwa unayeanza kusoma maji karibu na uso wenye chaji

Mchoro wa kwanza utakaouona ni ule wa molekuli za maji zimejipanga mbele ya elektrodi kama askari wa gwaride, oksijeni zote zimeelekea upande chanya. Mwaka wangu wa kwanza niliukariri, nikapoteza miezi nikitafuta mpangilio ambao haupo.

Kabla hujauamini, piga hesabu. Chukua uso wenye chaji ya 0.1 kulombu kwa kila mita ya mraba, ambayo ni kubwa. Tafuta uga wa umeme ndani ya maji kwa kutumia ile 78 ya vitabuni, yaani mara ngapi maji hupunguza uga, kisha zidisha kwa dipoli ya molekuli moja (kipimo cha jinsi chaji zake chanya na hasi zilivyotengana), debai 1.85. Utapata nishati ambayo ni kama moja ya tano tu ya ile ya mtikisiko wa joto la chumbani. Molekuli huelemea upande mmoja kwa wastani, huku zikipinduka na kubadilishana vifungo vya haidrojeni na jirani zao.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu 78 ni ya maji yaliyojaa bilauri. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walipima maji yaliyobanwa kwenye nafasi nyembamba hadi nanomita moja hivi, wakapata takriban 2 katika mwelekeo wa wima kwa uso. Molekuli za pale hazina nafasi ya kugeuka. Kwa hiyo karibu kabisa na uso, uga una nguvu kuliko hesabu yako ilivyosema. Mimi jambo hili bado linanisisimua.

Kosa langu jingine lilikuwa kuchanganya urefu wa aina mbili. Matabaka ya maji hufifia baada ya molekuli chache, ndani ya nanomita moja hivi. Wingu la ioni, yaani chembe zenye chaji zinazokusanyika mbele ya uso, ni jambo jingine: kwenye chumvi ya mezani ya milimola 1 kwa lita hufika karibu nanomita 10, na ukiongeza chumvi mara mia linabaki nanomita 1. Niliona athari kwenye nanomita 10, nikaandika kwamba maji yamejipanga hadi huko. Msimamizi wangu alifuta ukurasa mzima, na alikuwa na haki.

Ukitumia kioo, chaji yake hutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: karibu na 2 au 3 haina chaji, juu ya hapo ni hasi. Maji safi yakiachwa wazi hufyonza hewa ya ukaa, pH ikashuka kuelekea 5.6. Ipime kabla na baada ya jaribio, uiandike pembeni mwa kila namba.