Choo kimefurika na mwenye nyumba anakuzungusha: anza na bwana afya

Ndugu alouliza juu ya plot ya Maweni, choo kimefurika karibu na kisima na mwenye nyumba kila ukimpigia ni "nakuja Jumamosi", usianze kwa chifu. Chifu atawaita mkae mzungumze, jamaa ataapa mbele ya watu, mtarudi palepale. Nenda ofisi ya afya ya kaunti umtafute bwana afya. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura 242, kifungu 118 kinataja kero za kiafya, choo kinachonuka, kisima kilochafuka, hata watu kujazana chumbani, na 119 inawapa watu wa afya nguvu ya kutoa notisi yenye muda. Muda ukipita ni kortini.

Sisi tulikuwa Kisumu Ndogo, ile nyumba ya koridoo katikati vyumba huku na huku, choo kimoja na bafu la mabati nyuma. Nilipoenda peke yangu niliambiwa gari halina mafuta. Basi tukaandika barua moja, wapangaji wote sahihi na namba ya chumba, picha juu yake, na nakala yetu tukataka igongwe muhuri. Huo muhuri usiudharau, baada ya hapo hakuna wa kukwambia barua haikufika. Bwana afya akaja, akachungulia shimo kwa tochi ya simu, akahesabu hatua mpaka kisimani, akaguna tu.

Kasheshe ikawa ile yetu ya pwani, nyumba bila ardhi, jengo la huyu na kiwanja cha yule. Mwenye nyumba asema mimi nina kuta tu, shimo jipya siwezi kuchimba bila mwenye ardhi kukubali, na mwenye ardhi asema choo si changu miye. Bwana afya akamwambia ubovu wa jengo notisi ni ya mwenye jengo, nyinyi na ardhi mtajuana. Gari la kunyonya likaja wiki ileile, shimo jipya likachelewa sana, na kodi ikapanda simiti haijakauka, hilo mjiandae.

Sasa usithubutu kusimamisha kodi ati mpaka atengeneze. Sheria ya kukamatia mali kwa deni la kodi ipo bado, dalali atabeba tivii na friji na habari ya choo hataki kuisikia. Baraza la kodi za nyumba nalo, lile la kesi za wapangaji na wenye nyumba, linasikiza nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, ukilipa 4,000 hapo si pako. Halafu barua isitiwe chumvi, mara paa, mara nyufa, maana korti ikiona nyumba haifai kukaliwa na binadamu yaeza kuifunga, na wakutoka ni nyinyi, si yeye. Ombeni choo na kisima basi.

Kisima chenyewe msinywe kwa sasa, nunueni mitungi ya mkokoteni. Na utwambie ardhi hapo ni ya nani, maana kama ni wawili barua iende kwa wote.