Mwenye nyota

Mwanangu,

Unauliza: ukiwasomea wanafunzi wako utenzi wa Al-Inkishafi, pale pa mangati, uache "mwenye nyota" au uweke "mwenye kiu", maana wao wamedhani ni mtu mwenye bahati.

Bahati gani! Mtunzi wake, Sayyid Abdalla, anaifananisha dunia na mangati, yale maji ya uongo yanayometa juani, na anayeyakimbilia ni maskini wa Mungu aliyekaukwa koo. Nyota ni kiu.

Mimi neno hili liliniadhiri. Ule mwaka tuliohamia bara, darasa la tatu, nilinyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, nna nyota." Akanitoa nje saa sita mchana, jua la utosi, akaniambia nimwonyeshe iko wapi. Nami kwa utiifu nikatazama juu. Darasa zima madirishani, linacheka. Maji sikupewa. Nilipofika nyumbani bibi yako mkuu alinitazama midomo tu, akachota mtungini kwa kata, akanipa bila kuuliza. Mpaka leo nikiikumbuka ile kata koo hunikaba.

Ndiyo maana nimekwambia tangu u mdogo: Kiamu, lahaja yetu ya Amu, yaani Lamu, si Kiswahili kilichokosewa. Mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sawa, kimoja kilikuwa lazima kichaguliwe. Lakini kuchagua kimoja si kukitia kingine makosani. Wanyarwanda hadi leo kiu wanaiita inyota. Wao walilitoa Amu? Neno ni la kale, la ukoo mzima wa lugha zetu. Kiamu si Kiswahili kilichokosewa, mwanangu.

Kisha najirudi. Mshairi alitaka aeleweke. Asiyeelewa atalia vipi na magofu ya mji wa Pate anayoyalilia? Na kiu ni silabi mbili, nyota mbili, mizani haipungui hata kidogo. Hilo nalikubali, na linaniuma, kwa sababu ningependa shairi lenyewe likukatalie. Pengine ulisome lilivyo, ueleze pembeni. Lakini maelezo nayo huua beti... Basi, mwalimu ni wewe, mimi sisemi. Nikisema utajua nimesema nini.

Ila kabla hujalifuta ubaoni, angalia kama darasani mwako yumo mtoto wa Amu.

Mamako