Maswali ya Wasomaji: Nzi Mwenye Manyoya Anayeelea Chini ya Mizinga

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Njoro. Ninafuga nyuki pembeni mwa shamba la mahindi, na tangu mvua zipungue nimekuwa nikimwona mdudu mwenye manyoya ya rangi ya kahawia iliyofifia, wa urefu wa sentimita moja hivi, mwenye mdomo mwembamba unaochomoza mbele kama sindano. Huelea mahali pamoja juu ya ardhi tupu chini ya mizinga, hugusisha ncha ya tumbo lake vumbini mara kadhaa, kisha huondoka kwa kasi. Kwenye intaneti nimekuta picha inayofanana naye yenye jina Bombylius major. Je, ndiye huyu? Na kama ni adui wa nyuki wangu, nimwangamize kwa dawa? Nimeambatisha picha tatu.
Mfugaji nyuki, Njoro, Kaunti ya Nakuru

JIBU: Tafadhali usinyunyize dawa yoyote. Dawa hiyo itawadhuru nyuki wako kabla ya kumfikia mdudu huyu, naye hana haja na mizinga yako.

Uliyempiga picha ni nzi wa jamii ya Bombyliidae, ambao hapa tutawaita nzi-nyuki. Jamii hii ni kubwa: spishi zake zilizokwisha kuelezwa na wataalamu duniani ni zaidi ya 4,500, na nyingi hupenda maeneo makavu yenye jua. Katika picha yako ya kwanza inaonekana wazi kwamba ana mabawa mawili tu, ilhali nyuki ana manne. Nyuma ya mabawa hayo pana virungu viwili vidogo ambavyo nzi wote huvitumia kujisawazisha wanaporuka. Vipapasio vyake ni vifupi mno, na macho yamechukua sehemu kubwa ya kichwa. Mdomo uliokutia shaka ni mrija wa kufyonzea nekta ya maua. Hauwezi kutoboa ngozi ya mtu wala ya mnyama, na nyuma hana mwiba wa kuumia.

Kuhusu jina ulilolikuta, jibu letu ni kwamba siye. Bombylius major, ambaye Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, alimpa jina hilo mwaka 1758, ni mkazi wa kaskazini mwa dunia: Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini na sehemu za Afrika Kaskazini. Alama yake kuu ni bawa lililogawanyika kwa urefu, nusu ya mbele ikiwa ya kahawia iliyokoza na nusu ya nyuma ikiwa angavu. Mabawa ya mdudu wako ni angavu kote. Watu wengi hukosea hapa kwa sababu huyatazama manyoya kwanza, na manyoya ya nzi hawa si shahidi wa kutegemewa: hufifia juani na kupukutika kadiri siku zinavyopita, hata mdudu mmoja akaonekana wa dhahabu mwanzoni mwa maisha yake na mwenye mabaka ya upara mwishoni.

Kilichotusaidia hasa ni picha ya tatu, ya yule uliyemkuta amekufa dirishani ukalitandaza bawa lake juu ya karatasi nyeupe. Ukilitazama bawa hilo kwa lenzi, utaona mishipa imeligawa katika vyumba vidogo, na karibu na shina la bawa vipo vyumba viwili virefu vilivyolala sambamba. Katika jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Bombylius, chumba cha mbele hukipita cha nyuma kwa urefu. Katika bawa lako viwili hivyo vinalingana, na kulingana huko ni alama ya jenasi ya Systoechus na ndugu yake wa karibu, Anastoechus. Kutoka hapo hadi kwenye jina la spishi, picha haitoshi. Mtaalamu atahitaji mdudu mwenyewe, hasa dume, ili achunguze viungo vya uzazi kwa hadubini.

Hata hivyo, jenasi pekee inatosha kueleza kile ulichokiona chini ya mizinga. Majike wengi wa nzi-nyuki wana kijifuko kwenye ncha ya tumbo. Jike anapogusa vumbi, huwa anakijaza kijifuko hicho chembe za udongo, na mayai yanapotoka hupakwa vumbi hilo kabla ya kurushwa chini huku mama akiwa bado anaelea. Yai likianguliwa, hutoka buu mwembamba mwenye wepesi wa kutembea, ambaye hujipenyeza ardhini kutafuta chakula. Akishakipata hubadilika umbo, akawa mnene, mweupe, asiyehama tena. Chakula cha mabuu wa Systoechus ni mayai ya panzi na nzige yaliyofukiwa udongoni. D. J. Greathead, aliyewachunguza nzi-nyuki wa Afrika kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1958 kuhusu Systoechus somali na jinsi anavyoshambulia mayai ya nzige wa jangwani. Kwa hiyo ardhi tupu iliyo chini ya mizinga yako inamvuta kwa sababu huenda panzi wametaga humo, na mkulima wa mahindi hana sababu ya kulilalamikia jambo hilo.

Ukipenda kuthibitisha, kagua uso wa udongo huo asubuhi. Pupa wa nzi-nyuki, yaani buu aliyejifunga kwenye ganda kabla ya kuwa nzi kamili, ana miiba kichwani anayoitumia kuchimba njia ya kutokea, na mara nyingi ganda lake tupu hubaki limesimama nusu ndani ya udongo na nusu nje.

Ukimpata mwingine, usimtie kwenye spiriti, kwa maana manyoya yatagandamana na alama zitapotea. Mgandishe kwenye friji, mchome pini kifuani, mkaushe, kisha umweke katika kikasha kigumu pamoja na kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina lako. Andika pia ua alilokuwa akilitembelea, na urefu wa mdomo ukilinganishwa na wa kichwa. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yana hifadhi ya wadudu ambamo sampuli yenye maelezo kama hayo huwa na thamani kubwa. Isiyo na mahali wala tarehe haisaidii sana hata ikiwa nzuri vipi.

SWALI: Kwenye ukuta wa udongo wa jikoni kwetu kuna matundu ya nyuki wadogo wanaoishi mmoja mmoja. Nzi mweusi, mwenye mabawa meusi yenye ncha angavu, huelea mbele ya matundu hayo. Ana mdomo mfupi. Anafanya nini?
Msomaji, Homa Bay

JIBU: Kwa maelezo hayo, tunaamini ni nzi-nyuki wa jenasi ya Anthrax, jina linaloweza kumshtua mfugaji wa ng'ombe ingawa mdudu huyu hahusiki kamwe na ugonjwa wa kimeta, ambao kwa Kiingereza huitwa anthrax. Anarusha mayai ndani ya matundu. Mabuu wake hula watoto wa nyuki hao, na wakati mwingine wa nyigu wanaojenga ukutani, kwa hiyo baadhi ya nyuki wako wapweke watapotea kweli. Hatushauri umzuie: wamekuwa wakiishi pamoja muda mrefu, na akitoweka yeye hutajua ni nyigu wangapi watakaoongezeka. Kwa kuwa unaishi karibu na Bonde la Lambwe, linalojulikana kwa mbung'o, huenda ukafurahi kujua kwamba wapo pia nzi-nyuki wa Afrika, wa jenasi ya Exhyalanthrax, ambao mabuu wao hula pupa za mbung'o zilizofukiwa ardhini.