Mpeleke shamba kwanza, mji baadaye

Dada, umeuliza kama kuna maana ya kumvusha mama mkwe wako kutoka Dar kwenda Unguja, siku moja tu, akatazame mashamba ya viungo na Mji Mkongwe, wakati amepika pilau maisha yake yote na viungo anavijua kuliko mwongozaji. Nakujibu kwa sababu nilimpeleka mama yangu mzazi, umri wake sitini na kitu, na kwenye boti aliniuliza hilohilo: "Yaani nimelipiwa nauli nikaangalie mdalasini?"

Tulifikia Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo nje ya mji. Kijana aliyetutembeza alimwamkia vizuri, kisha akasimama mbele ya kichaka chenye majani marefu kama ya tangawizi. "Bi mkubwa, hii ni iliki. Nionyeshe iliki zenyewe ziko wapi." Mama akatazama juu, akapekua majani, hakuona kitu. Kijana akachutama, akaondoa majani makavu chini ya shina, na hapo zikaonekana: vikonyo vyembamba vimetambaa juu ya udongo, punje za kijani zimejishika humo. Mama naye akachutama, magoti yanauma hivyohivyo. Akachuma moja, akaipasua kwa ukucha, akainusa muda mrefu. "Siku zote nilijua inaning'inia mtini," akasema. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa mbele na sisi nyuma.

Kungumanga ilimshangaza zaidi. Tunda ni la manjano, ukilipasua unakuta kokwa nyeusi inayong'aa, na juu ya kokwa kuna wavu mwekundu sana umeikumbatia. Ule wavu ndio basbasi, kokwa ndiyo kungumanga. Mama alikuwa akivinunua katika vifuko viwili, kwa bei mbili, bila kujua vimetoka tumbo moja. Pilipili manga nayo: nyeusi na nyeupe zatoka kwenye mtambaa mmoja, tofauti ni kuvuliwa ganda. Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba anayepika ndiye anayefaidi zaidi. Mgeni ambaye hajawahi kutwanga iliki anaona majani tu.

Sasa kwenye karafuu usikubali kuharakishwa. Waongozaji wengi hapo hukusukia kofia ya makuti, wanakupaka midomo rangi nyekundu ya mbegu za mzingefuri, mkwezi anapanda mnazi akiimba, na muda unakwisha. Hayo ni mazuri, mama alicheka sana. Lakini mwambie kijana akueleze mkarafuu, maana ndio uliojenga mji mtakaouona mchana. Tunachokiita karafuu ni tumba la ua, linachumwa kabla halijafunguka, linachambuliwa makonyo, linaanikwa juani siku kadhaa. Likifunguka, thamani imekwenda. Mti ni mrefu, mchumaji anapanda na kamba, na kila tumba linapita mkononi mwa mtu.

Muulize: hiyo mikono ilikuwa ya nani? Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku kule Indonesia, ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake huku kutoka Muscat, ndiye aliyeifanya kuwa utajiri wa visiwa hivi. Waliopanda, kuchuma na kuanika wengi wao walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Kijana wetu alipoulizwa hakukwepa. Alituonyesha njia ya shamba akasema karafuu ilikwenda mjini kwa kubebwa kichwani. Akaongeza habari ya kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, ndiyo maana mpaka leo karafuu nyingi inatoka Pemba. Hata vanila ina habari kama hiyo: ua lake huku kwetu halina mdudu wa kulichavusha, lazima mtu alifanyie kazi kwa kijiti, na aliyeivumbua njia hiyo rahisi, mwaka 1841 kisiwani Réunion, alikuwa mtoto mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond Albius.

Ndiyo sababu nasema shamba asubuhi, mji mchana, na usigeuze. Ukianza na mji unaona majumba mazuri tu. Ukitoka shamba unajua yamelipwa na nini.

Kuleni hukohuko shamba (pilau kwenye jamvi, mchuzi wa nazi), kisha rudini mjini. Hamamu za Kidichi, ambazo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, ziko jirani na shamba. Tulipita dakika chache, zinatosha.

Mjini, Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la masultani, mtaiona kwa nje. Ilijengwa 1883 enzi za Sayyid Barghash, na sehemu yake ikaporomoka Desemba 2020. Inauma kuitazama. Msikae sana hapo, nendeni Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana. Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na madhabahu imewekwa pale uliposimama mti wa kuchapia watu. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Mama alisimama pembeni ya lile shimo na mfuko wake wa karafuu mkononi. Hakusema neno, na mimi sikumsemesha. Tafadhali mpe mama mkwe nafasi hiyo, usimpige picha. Na mkumbuke kwamba kufungwa kwa soko hakukuwaweka huru waliokuwa mashambani. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897.

Baada ya hapo tembeeni polepole vichochoroni. Milango mtaielewa haraka: ya juu yake iliyonyooka ni mtindo wa Kiarabu, yenye upinde ni ya Kihindi. Usijali miguu yake, nyumba nyingi zina baraza. Mama alichoka akakaa kwenye baraza ya watu tusiowajua. Mwenye nyumba akatoka, akamwamkia, akamletea maji, wakaanza kuulizana habari za makwao kama watu waliopotezana siku nyingi. Robo saa nzima. Kwangu mimi hiyo ndiyo Zanzibar.

Ununuzi: nunua kidogo shambani, kwa kuwa wamekuhudumia, na vingi mjini, soko la Darajani, ambako bei inasikilizika zaidi. Zafarani usinunue kabisa. Hailimwi Zanzibar, na mimi niliuziwa kifuko cha nyuzi nyekundu kwa bei ya kutupa. Nyumbani tulipoiloweka ikatoa rangi bila harufu. Karafuu ijaribu kwa ukucha: bonyeza kichwa, ikitoa mafuta ni nzuri.

Kuhusu muda, angalia ratiba za boti mapema, uchukue ya asubuhi kabisa, safari ni kama saa mbili. Ukirudi siku hiyohiyo utaikosa Forodhani ya usiku, ile bustani ya ufukweni yenye vyakula, na urojo wake. Kama mfuko unaruhusu, laleni usiku mmoja. Mkienda mwezi wa Ramadhani, msile njiani mchana. Na mama mkwe abebe khanga ya ziada, kwa sababu ndani ya boti kiyoyozi ni kikali, mama yangu alitetemeka mpaka tukafika Dar.