Re: Matofali ya tanuri yanapasuka na kumeguka

Sheikh, umeuliza kwa nini matofali ya tanuri lako la Wete, Pemba, yanatoka mazima kwenye moto, kisha baada ya siku chache yanameguka. Hiyo ni chokaa. Ardhi yetu ina mawe ya matumbawe. Punje ya jiwe ikipita karibu 850°C inageuka chokaa mbichi, ikivuta unyevu inavimba na kubandua tofali. Angalia shimo la mmeguko, utaona doa jeupe katikati. Kabla ya kuchanganya, tilia siki kwenye udongo: ukitoa povu, usiutumie. Mchanga wa pwani hali kadhalika, umejaa vipande vya kombe.

Agiza udongo mweupe (kaolini), Pugu huko bara upo. Kwa ujazo: kopo 4 za kaolini, 5 za chenga za vigae vilivyokwisha chomwa (kuanzia vumbi hadi milimita 3), 1 ya udongo safi wa mfinyanzi wa kushikisha. Ukitaka tofali jepesi la kuzuia joto, ongeza kopo 5 za unga wa mbao. Unga huo utaungua na kuacha vitundu. Hilo liweke nyuma, si usoni mwa moto.

Kalibu iwe sm 25 × 12.5 × 8, maana litasinyaa. Kausha kivulini wiki mbili, masika zaidi. Moto wa mwanzo usivuke 100°C mpaka kioo ukikiweka kwenye tundu la kutolea moshi kisitoke jasho. Kujengea, tumia udongo uleule ukiwa na maji, mwepesi kama uji. Saruji? Hapana, moto unaila.