Jibu: Michezo ya kuwachangamsha vijana wasiofahamiana

Ndugu yangu, umeeleza kwamba utapokea vijana 30 wa miaka 13 hadi 17 kutoka shule mbalimbali, na unahofia watakaa kimya siku nzima. Nakushauri usianze kwa kumsimamisha kila mmoja ajitambulishe mbele ya wote, kwa sababu kijana wa umri huo huogopa sana kuchekwa, na anayesubiri zamu yake hasikii hata jina la mwenzake.

Anza na mchezo usiohitaji maneno. Waambie wajipange mstari mmoja kwa kufuata tarehe za kuzaliwa, kuanzia Januari hadi Desemba, bila kutamka lolote. Watalazimika kuoneshana kwa vidole, na kicheko kitakuja chenyewe.

Kisha wagawe katika makundi ya watu 5 au 6 wategeane vitendawili. Huu ndio ninaoupenda zaidi, maana vijana wengi wanajua kuitikia "Tega!" tangu utotoni, na wanaoshindwa kujibu hutakiwa kumpa mtegaji mji. Badilisha kidogo hapo: mji unaotolewa uwe mahali ambapo mtoaji amewahi kuishi au anatamani kufika, naye aeleze sababu, ili mazungumzo yazaliwe bila kulazimishwa.

Epuka michezo ya kushikana, hasa wavulana na wasichana wakiwa pamoja na hawajazoeana, na asiyetaka kucheza umpe kazi ya kuangalia saa. Dakika 20 zinatosha. Simamisha mchezo wakati bado wanautaka.